Kupigwa Shikamoo

Shemeji yangu ana miaka sitini na minne, na kijiweni wanamwita Dogo. Alipewa jina hilo siku aliyofika pale na baiskeli ya kuazima, akiwa mdogo kuliko waendeshaji wote. Waliompa jina wengine wameshazikwa, wengine wamehamia kwa watoto wao, lakini jina limemganda. Vijana wa miaka ishirini wanamwita Dogo bila hata kucheka, kwa sababu ndivyo walivyomkuta akiitwa.

Mimi ni mdogo wa kike wa mke wake. Cherehani yangu iko kwenye baraza la duka la vitambaa, ng'ambo ya barabara kutoka kijiweni kwao, na kwa miaka kumi na saba nimeshona huku nikiwatazama wakigombania abiria. Kwa hiyo ninayoyasema si ya kuambiwa. Na kama nina ulimi mkali, shemeji asilalamike. Tumetaniana tangu siku alipokuja kumposa dada. Nilikuwa bado mwanafunzi, nikamwuliza kama ile miguu ni yake au ameiazima kwa korongo.

Kazi yao ni kubeba watu kwa baiskeli kutoka kituo cha mabasi hadi sokoni, kiwandani, na kliniki iliyo juu mlimani. Nyuma, kwenye keria, hufungwa mto wa sponji, na mito mingi ya pale nimeishona mimi. Sasa, abiria akifika haangalii matairi wala breki. Anamwangalia mwendeshaji, na hapo ndipo penye balaa. Mtu aliyelelewa vizuri akiona mvi, mdomo unatamka wenyewe: shikamoo. Akishaitamka amejifunga. Hawezi tena kukaa nyuma ya mzee aliyemwamkia hivyo, akamwacha amkokote kupanda mlima, jasho linamtiririka shingoni, yeye kakaa kama bibi harusi. Ataona haya. Atasema, "Utu uzima dawa, mzee wangu, wewe pumzika tu," kisha atapanda kwa kijana wa pembeni.

Kijiweni jambo hilo lina jina. Wanaliita kupigwa shikamoo. Utamsikia mtu akisema, "Leo nimepigwa tatu kabla ya saa nne," na wenzake wanampa pole kama mtu aliyefiwa. Wahenga walisema heshima si utumwa, na sibishani nao, ila heshima haichemki kwenye sufuria.

Kuna mwenzake wa siku nyingi anaitwa Magunia. Zamani hakuna aliyekuwa na mbio kumshinda. Mvi zilipomwanza hakuhangaika nazo. Alipopigwa shikamoo za kutosha alifungua mto wake, akaniletea nimuuzie mtu mwingine, akafunga mbao mbili kwenye keria na kuhamia kwenye mizigo: mkaa, unga, magodoro. "Gunia haliamkii," husema, na kichwa chake cheupe pe kimenyooka. Amembembeleza shemeji miaka mingi amfuate huko. Shemeji hawezi. Alipasuliwa ngiri, na daktari akamwambia asinyanyue kitu kizito kuliko ndoo ya maji. Abiria hujipandisha mwenyewe na kujishusha mwenyewe, lakini gunia linangoja ulibebe. Na kukaa nyumbani nako kulitaka mtu wa kuwalisha. Watoto wao ni wawili, wote wa kike, wameolewa mbali, na wana mizigo yao ya kutosha.

Ndiyo sababu ya piko, ile rangi nyeusi ya kuficha mvi.

Kila Jumapili ya pili shemeji huketi kwenye kigoda uani, taulo kuukuu mabegani, na dada anasimama nyuma yake na mswaki uliochakaa. Unga mweusi unakorogwa kwenye kisosi. Dada anaanzia kisogoni, anapanda taratibu, anageukia masharubu, halafu nyusi, maana nyusi ndizo zinazomwumbua mtu. Baadaye shemeji anavalishwa mfuko wa nailoni kichwani na kuambiwa asitikisike. Nimemkuta hivyo mara nyingi, na mara zote nimemwuliza anauzwa bei gani kilo. Foronya zao zote zina doa jeusi upande wake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa ni dada.

Dada mwenyewe hapaki. Alijaribu mara moja, zamani, ili wafanane. Uso ukamvimba, macho yakafumba siku tatu, masikio yakatoka malengelenge. Tangu hapo akaziacha nywele zake zijiendee zitakako, na sasa ni nyeupe kote. Ikaongezeka presha, likaongezeka goti. Ana miaka sitini na mmoja, mdogo wa mumewe kwa miaka mitatu, lakini ukiwasimamisha pamoja utaapa kwamba mmoja alimzaa mwenzake. Hakuna aliyemkataza kwenda kijiweni. Ila aliacha kwenda, kidogo kidogo, na shemeji hakuuliza kwa nini. Siku ya kliniki yake tulikuwa tunapanda mlima kwa miguu, mimi na yeye, kwa njia ya nyuma.

Siku moja goti lilikataa. Mimi nilikuwa na sare za shule ishirini za kumaliza, dada akaona asinisumbue. Nikamwona anakuja barabarani anachechemea, kadi ya kliniki mkononi, anakwenda moja kwa moja kwa mume wake ampakie. Jambo la kawaida kabisa.

Shemeji alikuwa ameshapata abiria. Alikuwa karani wa mapokezi wa kliniki, binti mwenye heshima zake, anayepanda kwake kila asubuhi na kumwita kaka. Karani alikuwa ndiyo kwanza anakaa. Alipomwona dada akashuka upesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Unakuja kliniki? Kaka, mpeleke mama kwanza. Mimi nitapanda kwa mwingine, tutakutana hukohuko." Kisha akamtazama dada, akamtazama shemeji, uso ukamchangamka. "Kumbe ni mama yako. Mnafanana hata kusimama. Kaka, una bahati, wangu alishatangulia. Mungu akutunzie mama yako."

Vijana wa kijiweni walikuwa wamegeuka wanasikiliza. Mimi nilikuwa nimesimamisha cherehani. Na shemeji, ambaye maneno hayajawahi kumpungukia hata siku moja, akasema, "Amina."

Nimeifikiria sana ile amina. Ni neno linalotoka lenyewe, kama shikamoo. Mtu akikuombea dua, huwezi kuiacha inaning'inia. Ukiulizwa "Huyu ni mama yako?" unaweza kukataa, maana umeulizwa. Lakini yule binti hakuuliza. Aliomba, na maombi jibu lake ni moja. Lilipotoka, lilikuwa limeshatia muhuri. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nami nilicheka. Sitaficha. Niliinamia zile sare nikacheka hadi mabega yakatikisika, kwa sababu lilikuwa chekesho la mwaka, na nilijua dada akirudi tutacheka pamoja. Kisha nikainua macho. Dada alikuwa ameshakaa kwenye mto, upande upande, ameshika chuma cha kiti kwa mkono mmoja. Kwa kawaida hushika mkanda wa mume wake. Wakaondoka hivyo. Shemeji alinitupia jicho mara moja tu, jicho la mtu anayekuomba ufunge mdomo, nikaufunga. Hilo linaniuma mpaka leo. Ningevuka tu ile barabara nikasema, "Mama wa nani, huyo ni mkewe," tungecheka wote na yangeisha palepale.

Jioni nilikwenda kwao. Shemeji alikuwa anaosha baiskeli ambayo haikuwa na tope. Dada alikuwa anachambua mchele.

"Mwanangu," akamwita, bila kuinua kichwa, "niletee lile sinia."

Akamletea.

"Shemeji yako nimemzaa leo asubuhi," akaniambia mimi. "Miaka yote nilimwomba Mungu mtoto wa kiume. Amenipa, ila amenipa aliyeota masharubu."

"Mke wangu, ningesemaje?" shemeji akasema. "Ningesemaje pale, mbele ya watu?"

"Ungesema huyu ni mke wangu. Ni maneno manne."

"Wangejua umri wangu."

"Ndiyo," dada akasema. "Wangejua."

Dada alikuwa na haki, na mume wake hakuwa mwongo kuhusu kijiwe. Nilikaa katikati yao, sina hata mzaha mmoja.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hawakumwona akiwa na baiskeli. Karani alifika kliniki akasimulia. Wauguzi wakasimuliana. Ndani ya wiki mbili ikawa inajulikana kwamba pale kijiweni kuna kaka mmoja anamtunza mama yake, wala hajaoa ili amhudumie vizuri. Hilo la kutokuoa sijui lilitoka wapi. Wakawa wanamchagua yeye. Wanampita kijana mwenye baiskeli mpya, wanauliza, "Dogo yuko wapi?" Abiria wa kliniki wote wakawa wake. Tangu nimjue hakuwahi kupata abiria namna ile, na kila mmoja akishakaa nyuma anaanza na swali moja.

"Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

Alikuwa anajibu akitazama mbele. Aliniambia siku moja, amekuja kwangu kushonewa mto, kwamba kila asubuhi akitoka nyumbani anaapa leo atamweleza yule karani. "Nasema nikifika kwenye mteremko nitamwambia. Halafu anauliza habari za mama, shemeji, na mimi nimempa mgongo, sioni hata uso wake. Utamwambiaje mtu jambo kama hilo kwa kisogo?"

"Simamisha baiskeli."

"Nikisimamisha ndiyo mwisho wangu," akasema. "Nitakuwa mzee aliyemkana mkewe. Siyo mzee tu. Mzee tu ningevumilia."

Yule binti alikuwa na moyo mwema, na wema wake ulikuwa ndio msumari. Alianza kutuma machungwa. "Mpelekee mama." Shemeji anayaleta, anayaweka mezani, anakaa mbali nayo. Mara ya kwanza dada aliyaangalia muda mrefu.

"Yaache hapo," akasema. "Mama atakula."

Akala, yote, siku hiyohiyo, amekaa mlangoni, na hakumpa mumewe hata kipande.

Usidhani shemeji hakujaribu. Alikataa piko zamu mbili mfululizo. Alisema basi, liwalo na liwe. Mvi zikachomoza chini, nyeupe, na nyeusi ikabaki juu, kichwa kikawa kama kofia iliyopanda. Jumatatu ya wiki ya nne nilihesabu mwenyewe nikiwa kwenye cherehani. Alipigwa shikamoo tano hadi saa sita mchana. Wa tano alikuwa mama mtu mzima mwenye kapu, ambaye naye angestahili kuamkiwa. Karani na watu wa kliniki siku hiyo hawakupita pale, Mungu alimsitiri. Shemeji alirudi nyumbani mchana jua likiwa kali, hajampakia mtu. Mimi nilikuwa nimempelekea dada dawa zake, nikamwambia na ile hesabu, naye ameshakoroga piko kwenye kisosi. Kigoda kiko uani. Taulo liko begani kwake.

"Kaa hapa," akasema.

"Sitaki."

"Kaa, mwanangu."

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani?" Alikuwa anauliza kweli. "Dawa zangu zinanunuliwa na nani, na Dogo au na mume wangu? Mume wangu amepigwa shikamoo tano, hana kitu. Kaa nikupake."

Akakaa. Dada akaanzia kisogoni kama kawaida yake. Mkono ulikuwa mwepesi, hakumwonea. Alipofika kwenye nyusi alimshika kidevu amtulize, na shemeji akafumba macho, na nikaona yamelowa. Nikatoka nje kwa njia ya jikoni. Kuna mambo hata shemeji mtani hatakiwi kuyaona. Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, na mimi nilitaka apate mahali pa kuchutama.

Wiki iliyofuata presha ilimwangusha dada. Alikuwa anafua. Jirani akanikimbilia, nami nikapita kijiweni, nikamwambia shemeji mbele ya wote, "Dada ameanguka," wala sikusema dada wa nani. Alifika nyumbani kabla yangu. Tulimpandisha, akamfunga kwa khanga kiunoni mwake asidondoke, akaupanda ule mlima wote bila kushuka. Vijana hushuka pale kwenye kona. Mimi nilikuwa nyuma, nimepakiwa na kijana mmoja wa kijiweni, na hatukumfikia.

Kliniki walimpokea vizuri. Walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu pale mapokezi, wakampima, wakasema atalala siku mbili tatu wamwangalie. Fahamu zake zilikuwa zimerudi. Karani akaja na fomu, amejaa huruma.

"Pole mama. Kaka, pole. Nahitaji mtu wa kutia saini. Mume yupo?"

Nilimwona shemeji akivuta pumzi. Namjua. Nimemjua tangu akiwa na miguu ya korongo. Jasho lilikuwa linamtiririka, na kwenye kola ya shati lake jeupe piko lilikuwa limeanza kushuka kwa mistari. Alikuwa amefungua mdomo. Safari hii angesema, naapa angesema.

"Mume sina," dada akasema kutoka kitandani. "Andika huyu mwanangu."

"Mke wangu…" shemeji akasema, lakini kwa sauti ya chini, na karani alikuwa ameinamia fomu anaandika, na muuguzi alikuwa anasukuma mlango na mashine yake.

"Huyu ni mtu mzuri," dada akaendelea, macho yameelekea darini. "Miaka arobaini na miwili, hajaniacha hata siku moja."

"Arobaini na miwili," karani akarudia, akajaza penye nafasi ya umri. Akamtazama shemeji, akatabasamu. "Nilikudhania zaidi kidogo, kaka. Ni hii kazi ya baiskeli, inakomaza."

Ndoa yao yote iliingia kwenye kale kasanduku kadogo. Shemeji akapewa kalamu. Aliishika muda, akanitazama mimi, akamtazama mke wake, ambaye alikuwa amefumba macho kama mtu anayengoja sindano. Penye uhusiano karani alikuwa ameshaandika: mtoto. Akatia saini hapo chini.

Tukamsindikiza hadi wodini. Muuguzi mkuu alikuwa mlangoni, mwanamke mnene asiye na mchezo. Alinipisha mimi. Mbele ya shemeji akaweka mkono.

"Wodi ya wanawake hii. Mume anaruhusiwa. Mtoto wa kiume anasubiri nje."

"Mimi…" akasema shemeji.

"Ndiyo, wewe. Nimeona fomu. Kaa kwenye benchi, tutakuita."

Alikuwa anasema kwa upole. Nilitaka kumwambia. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini ukimwambia, utamweleza pia ile saini, na kliniki nzima iko pale ukumbini, abiria wake wote, wamevaa nguo nyeupe, wanamtazama kaka anayempenda mama yake. Shemeji akarudi nyuma hatua moja. Mlango ukafungwa.

Nilimpangia dada vitu vyake. Alikuwa amelala ubavu, mkono umefungwa mpira wa dawa. Kisha akasema, si kwa ukali ule wa siku zote, sauti yake ya zamani kabisa, ya kabla ya mambo haya:

"Mume wangu yuko nje?"

Dirisha la wodi linatazama uani, mahali wanapoegesha baiskeli. Nilichungulia. Benchi lilikuwa tupu. Saa za karani zilikuwa zimekwisha. Alikuwa ameshakaa kwenye mto wa baiskeli ya shemeji, mkoba mapajani, anamwambia kitu cha kumliwaza, na shemeji alikuwa anamsikiliza huku anaisukuma baiskeli ipate mwendo. Alipanda. Hakugeuka. Nadhani alijua kwamba akigeuka ataliona dirisha.

"Yuko?" dada akauliza tena.

"Yuko," nikasema. "Amekaa kwenye benchi."